Gari Linalokata Pumzi Kwenye Kona ya Msalaba

2 Desemba

Daftari hili ni la gari la Jastini, pikapu nyeupe ya dizeli iliyoingia nchini kabla mwenyewe hajajua kutembea. Si la mambo yangu. Mimi, Kiliani Ndomba, fundi magari hapa Mbinga mwaka wa thelathini na moja sasa, kila gari sugu huliandikia daftari lake: limezimika wapi, saa ngapi, limebeba nini, mvua ilinyesha au haikunyesha. Gari ni mgonjwa asiyejua kusema. Ukiandika kwa subira, iko siku litajitaja lenyewe.

Ugonjwa: linapoteza nguvu likipanda kutoka ziwani. Si kila mahali. Ni kwenye kona ya msalaba tu. Linakohoa mara mbili tatu, linakata pumzi, linazimika. Ukilingoja dakika ishirini hivi, linawaka na kupanda mlima kana kwamba lilikuwa linatutania.

Jastini ni mkwe wangu. Amemwoa Winnie, mtoto wangu wa pekee. Wanaishi Lundo, kando ya ziwa; Jastini huleta abiria na dagaa huku juu, Winnie anafundisha shule ya msingi. Winnie ana mimba ya miezi mitano. Mtoto wao wa kwanza alikufa Februari mwaka huu, kabla hajatoka tumboni, kwa sababu damu ilianza kumtoka mama yake kule Lundo na walichelewa kufika hospitali. Daktari alituambia bila kuzunguka: mngewahi nusu saa, angepona. Huyu wa sasa atatolewa kwa kisu, huku juu, si kwingine. Likizo yake ya uzazi inaanza Machi, na gari linalokubali matope ya Lundo masika ni hili moja.

Kwa hiyo nina hadi Machi kujua linaumwa nini.

5 Desemba

Chujio la hewa lilikuwa jeusi kama chungu. Nimeweka jipya. Jastini kateremka, kapanda. Limezimika palepale.

9 Desemba

Chujio la dizeli jipya. Palepale. Mvua tangu asubuhi.

14 Desemba

Leo nimepanda nalo mwenyewe kutoka Mbamba Bay. Abiria kumi na wawili na magunia ya dagaa. Ukungu ulianza katikati ya mlima, ukazidi, hadi tukawa tunaifuata lami mita kumi kumi. Lilivuta vizuri. Sikio langu halikusikia kasoro yoyote. Tulipoingia kwenye kona, sauti ikapungua taratibu, mguu wangu uko chini kabisa, nalo linapungua tu, hadi kimya.

Sasa lazima niandike jambo ambalo si la gari. Msalaba wa kona hii nimeuchomelea mimi, kwa nondo za nusu inchi. Ni wa mke wangu, Benadetha. Agosti ya mwaka juzi alipanda lori la kahawa, akakaa juu ya magunia pamoja na wanawake wengine, likapinduka hapo. Wengine walivunjika mikono. Yeye hakuinuka.

Abiria waliteremka bila kuambiwa. Walisimama kando ya barabara, wanaume wakavua kofia, na mmoja baada ya mwingine wakasema kwa sauti ya chini, "Mama Winnie, tupishe." Ni desturi ya gari hili sasa. Niliuliza nani kawafundisha. Winnie.

Mimi nilibaki nimeinamia injini. Benadetha hakuwahi kumzuia mtu njiani maisha yake yote; alikuwa mtu wa kuwahi. Mchuuzi mmoja wa dagaa, Cuthbert, aliniangalia akatikisa kichwa.

"Fundi, spana haimsukumi marehemu."

"Na marehemu hafungi dizeli," nikamjibu.

Dakika ishirini na mbili. Likawaka. Wote wakanitazama kana kwamba wameshinda kesi.

22 Desemba

Tapeti nimezipima zote, ziko sawa. Klachi haitelezi. Bomba la moshi halijaziba. Gereji wananicheka: mganga hajigangi.

25 Desemba

Krismasi. Winnie na Jastini wamekuja, nao walizimikia palepale. Dada yangu Ephrasia alipika wali na kuku. Winnie amenenepa, anapendeza, anashika tumbo kila anapokaa.

Nilimwambia mambo ya kuwateremsha watu na kusema tupishe ayaache, ni mwalimu, anatia aibu. Akasema, "Baba, huo si ubovu. Ni Mama anataka kuniona. Anataka tu tusimame kidogo."

"Februari mlisimama kidogo?"

Nililisema kabla sijalifikiri. Akainuka, akaenda jikoni kwa shangazi yake. Jastini akanieleza polepole, macho yapo kwenye sahani, kwamba ndiyo, siku ile gari lilizimika, kama dakika ishirini na tano. Winnie alikuwa amelala nyuma kwenye godoro, anavuja damu, anaita mama yake. Sikuwa nimewahi kuambiwa. Sikuweza kumaliza chakula.

3 Januari

Nozeli zote nne za kupulizia dizeli zimepimwa Songea. Hazina neno.

11 Januari

Nimepakia mawe, nikapanda peke yangu, maana nilitaka kulisikiliza bila kelele za watu. Saa tano asubuhi, ukungu mzito, mvua nyembamba. Kwenye kona likafa.

Nikateremka, nikafungua boneti. Kimya kile sikukipenda. Halafu nikasikia jembe. Chini ya barabara kuna mteremko wa ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, na mahindi yamefika kifuani. Mtu alikuwa anapalilia. Kap. Kap. Kisha anakung'uta magugu. Kap. Nilifurahi kuwa si peke yangu, nikaita, "Hodi huko! Poleni na kazi!"

Jembe likanyamaza. Hakuna aliyejibu. Huku kwetu mtu akipewa pole ya kazi hujibu, hata kama anakuchukia. Nikaita tena. Nikashuka, nimeshika mahindi yasiniangushe. Nilikuta mstari uliopaliliwa umekatika katikati ya shimo, magugu yamelazwa kichwa chini kuelekea ndani, udongo mbichi bado unateremka wenyewe. Mtu hakuwepo. Jembe halikuwepo. Benadetha alikuwa analaza magugu hivyohivyo, kichwa chini, wenzake wakimtania kwamba anayalaza usingizi.

Nilirudi barabarani karibu nikikimbia, na ni mwanamume wa miaka hamsini na saba. Ili mikono ipate kazi, nikashika pampu ya mkono, ile ya kusukumia dizeli. Niliibonyeza, haikurudi juu. Ilibaki chini, imenyonywa, ngumu. Nikaitazama muda mrefu. Ilipofika dakika ya kumi na tisa, ikaanza kupanda yenyewe taratibu, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Nikawasha, likawaka.

Nilipoondoka, nilisikia jembe limeanza tena. Au lilikuwa bati la gari. Wakulima wako kila mahali mlimani, sina cha kusema zaidi.

12 Januari

Jambo moja la kweli limepatikana: pampu inanyonya, dizeli haiji. Kumeziba kati ya tangi na pampu. Na kizibo kinaachia chenyewe injini ikizimika.

13 Januari

Nimepuliza bomba la dizeli kwa kompresa. Safi kabisa. Nimefungua nati ya chini ya tangi: dizeli safi, hakuna maji, hakuna mchanga.

19 Januari

Palepale.

27 Januari

Ephrasia amekuja gereji na uji, akakaa juu ya tairi. Anataka tumwekee Benadetha misa, gari likanyunyiziwe maji ya baraka. "Kaka, lisemwalo lipo," anasema, "kama halipo laja."

Nikamwambia misa nitatoa, Benadetha anastahili misa, lakini dizeli haitapita kwa maji ya baraka. Hakucheka. Akaniuliza kwa nini sijawahi kusimama kwenye msalaba ule na kusema lolote. Nilimwambia nina kazi. Ukweli ni kwamba naogopa. Tangu ile siku ya jembe naogopa kwamba nikisema kitu pale, nitajibiwa.

6 Februari

Nimefanya nilichopaswa kufanya tangu Desemba, uzee huu. Nimelifunga dumu la lita ishirini nyuma ya kibanda cha dereva, nikachomoa bomba la tangi, nikatoa mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu. Jastini akaendesha, mimi nimekaa na abiria nyuma kulishikilia dumu. Tukaingia kwenye kona. Watu wakaanza kuvua kofia mapema.

Halikuzimika. Lilipanda linaunguruma, msalaba ukapita kulia kwetu, ukamezwa na ukungu.

Nilipiga kelele kama mtoto. Hakuna aliyepiga nami. Cuthbert alikuwa amegeuka, anatazama nyuma tulikotoka. "Tumempita mtu mzima bila salamu," akasema. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Na mimi, badala ya kuwacheka, nikahisi baridi mgongoni hadi Mbinga mjini.

Ila sasa najua. Ugonjwa uko ndani ya tangi.

7 Februari

Nimelishusha tangi peke yangu. Gereji nimefunga mlango, nikasema naumwa.

Nilimwaga dizeli yote, nikaingiza tochi na kioo kidogo. Ndani kuna bati la kuzuia dizeli isirukeruke, na nyuma yake ndipo mdomo wa bomba la kunyonyea. Nikaona kitu cha kahawia kinaning'inia hapo. Nilidhani popo. Nikakunja waya, nikakivuta, kikagoma, maana kilikuwa na kamba na kamba ilikuwa imenasa kwenye ukingo wa bati. Nikavuta kwa subira robo saa.

Kilipotoka nilikiweka juu ya benchi, nikajua kabla sijakikunjua.

Ni skapulari. Vile vipande viwili vya kitambaa cha sufu vyenye kamba mbili, mtu huvivaa kifuani na mgongoni chini ya nguo, Bikira Maria amlinde. Kipande kimoja kimeshonwa pembeni kwa uzi wa bluu. Uzi huo ulitoka kwenye ovaroli yangu. Nilimwona Benadetha akiuchomoa mwenyewe, amekaa mlangoni, ananiambia ovaroli ina nyuzi za kutosha, haitalia.

Nilidhani amezikwa nayo.

Nimeelewa yote kama fundi. Njia ikiwa tambarare kitambaa kinaelea pembeni, hakina shida na mtu. Kona ya msalaba ndiyo kali kuliko zote: gari linainua pua, dizeli inakimbilia nyuma, injini inanyonya kwa nguvu zake zote, na kitambaa kinavutwa hadi kuufunika mdomo wa bomba. Injini ikifa, mnyonyo unaisha polepole, kitambaa kinaachia. Dakika ishirini. Hakuna cha ajabu hata kidogo. Nimeandika hivyo, nimesoma nilichoandika, na bado nywele zimenisimama, kwa sababu wale abiria walisema kweli. Aliyekuwa anatusimamisha ni yeye.

8 Februari

Nilimfuata Ephrasia shambani. Nikamwuliza akina nani walimvalisha Benadetha siku ya maziko. "Mimi na Winnie," akasema. Na skapulari? Akaacha kufanya kazi.

"Winnie aliivua. Aliniomba abaki nayo, nikamwachia. Ni mama yake, kaka. Kwani ameipoteza?"

"Hapana," nikasema.

Jastini alinunua gari miezi miwili baada ya maziko. Gari lilianza kuzimika mwezi uleule. Sina haja ya kumwuliza mtu mwingine. Mtoto wangu alimtia mama yake ndani ya tangi ili awasindikize barabarani, mahali ambapo mwizi hatamfikia na mimi, mwenye mdomo wangu, sitamcheka.

Dakika ishirini na tano walisimama Februari ile. Na mwendo wa kukohoakohoa kabla na baada ya hapo. Daktari alisema nusu saa. Nimefanya hesabu hiyo mara nne, na kila mara inatoka ileile.

Ee Mungu, afadhali ungekuwa mzimu.

9 Februari

Tangi limerudishwa. Jastini ameuliza ilikuwa nini. Nimesema kutu. Miaka thelathini na moja sijawahi kumdanganya mwenye gari.

10 Februari

Nimeifua kwa sabuni mara tatu. Harufu ya dizeli haitoki.

20 Februari

Safari tano, mzigo kamili. Halijazimika. Jastini anasema abiria bado wanavua kofia wakipita.

13 Machi

Naandika mkono bado mzito.

Jana nilishuka Lundo kumchukua Winnie, likizo imeanza. Tulikuwa tunafunga mabegi, jua linatoka, yeye amesimama mlangoni anamwelekeza Jastini wapi pa kuweka vyombo. Akanyamaza katikati ya neno. Akatazama miguu yake. Damu.

Nilichukua usukani mimi. Jastini alikaa nyuma kwenye godoro, kamweka kichwa mapajani. Matope hadi Mbamba Bay, kisha lami, kisha mlima, na mvua ikaja kwa nguvu, halafu ukungu. Nilikuwa nasikiliza injini kwa mwili mzima. Kila ilipobadilika kidogo, moyo wangu ulisimama. Nilijua nimelitengeneza. Nilijua kwa akili. Lakini tulipoikaribia kona sikuwa tena mtu mwenye akili, nilikuwa mtu anayemrudisha mtoto wake mahali pabaya.

Winnie aligonga kioo cha nyuma. "Baba, simama!"

Sikusimama.

"Baba, simama tumsalimie! Usimpite!" Alikuwa analia. Jastini naye ananiita, "Baba, dakika moja tu, dakika moja!" Wananiomba wote wawili, na mimi nimekanyaga hadi chini. Pua ya gari ikainuka. Nikaona nondo zangu katika ukungu. Nikasikia Winnie anapiga kelele, "Mama, tupishe! Mama!" sauti ambayo sitaki kuisikia tena duniani. Na kabla ya kutoka kwenye kona, kwa nusu ya pumzi, injini ilipungua. Naapa ilipungua. Tangi safi, chujio jipya, ilipungua. Kisha ikavuta.

Hospitali walimpokea mlangoni wakamwingiza moja kwa moja. Nilikaa kwenye benchi, damu kwenye viatu. Mtoto wa kike. Alilia nikiwa nje, nikamsikia. Daktari alipotoka alisema neno moja tu ninalolikumbuka. Mmewahi.

16 Machi

Winnie ameweza kukaa. Nilimkuta peke yake na mtoto, Jastini kaenda kutafuta chai. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Wanamwita Benadetha, kama nilivyotegemea.

"Baba," akasema, "nikuambie kitu, lakini usinikasirikie."

"Sema, mwanangu."

"Skapulari ya Mama. Hatukumzika nayo. Niliitumbukiza kwenye tangi la gari siku Jastini alipolinunua. Nilitaka Mama awe nasi njiani." Alikuwa anatabasamu, kachoka, anang'aa. "Umeona lakini? Ametupisha. Tumepita bila kusimama. Ndiye aliyetulinda. Usije ukaitoa, Baba, hata ukitengeneza nini."

"Sitaitoa," nikasema.

Akamtazama mtoto. Tabasamu likamtoka polepole.

"Februari ile sikumwita kwa sauti. Nilikuwa na maumivu, nilimwita moyoni tu. Nafikiri hakunisikia. Kila siku nafikiria hivyo. Ningemwita kama safari hii, angetupisha, na yule naye angekuwa hai. Kosa langu, Baba. Sijawahi kumwambia mtu."

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa na maneno yote tayari, bomba, kitambaa, mnyonyo, dakika. Kila neno la kweli lilikuwa linaelekea kwake.

"Sikiliza," nikamwambia. "Februari ilikuwa kutu ndani ya tangi. Kutu tu. Mlileta gari gereji kwangu mara mbili kabla ya siku ile, nikaliangalia juujuu, nikasema ni zima. Mimi ndiye fundi. Nilipaswa kushusha tangi, nikaona uvivu. Mama yako hana kosa, na wewe huna kosa. Kosa ni langu."

Hawakuwahi kulileta kabla ya siku ile. Lakini Winnie hajui magari, na Jastini nitaongea naye.

Aliangalia ukutani, na niliona hasira inapita usoni pake, hasira ya kweli, nikaiacha ipite. Kisha akanishika mkono na kuniambia amenisamehe. Nikamshukuru.